Jina la Kwanza Baada ya Injini Kuzimwa

Mtaani walimwita Kengele, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba kama mlingoti, kiguu na njia tangu kunapopambazuka. Ukimkaribisha kiti anakalia ukingoni tu, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Spika mbili za bati, zenye midomo iliyopanuka kama maua ya boga, zilifungwa kwa mipira juu ya paa la pikipiki ya magurudumu matatu. Betri ya gari ilikaa chini ya kiti. Maiki aliivisha leso ili pumzi zisivume. Mnada wa mitumba, chanjo ya watoto, mbuzi aliyekata kamba, mkutano wa chama hiki au kile, yote yalipitia kinywani mwake, na pikipiki ikaendelea kutambaa huku yeye akimwaga maneno kushoto na kulia.

Kifo tu ndicho kilichokuwa na utaratibu wake. Huo aliuanzisha mwenyewe, tangu siku aliyotangaza kifo cha mumewe na kushindwa kusema akiwa amekaa. Kukiwa na msiba, pikipiki inasimama. Injini inazimwa. Kengele anateremka, anasimama wima kando ya barabara, anataja jina la marehemu, kisha ananyamaza. Ananyamaza ili jina liingie majumbani, lizunguke vyumbani, liwapate wenyewe. Ndipo anaendelea: alikuwa mtoto wa nani, amefia wapi, maziko saa ngapi.

Basi watu walikuwa wameshazoea. Injini ikinguruma, kila mtu na kazi yake. Injini ikinyamaza, anayemenya anaweka kisu, seremala anainua msumeno, mama anamziba mtoto mdomo. Jina la kwanza baada ya kimya ni la aliyeondoka. Hata watoto walilijua hilo, wakigombana kwenye mpira utawasikia wakitishana, "We cheza, nitakuzimia injini!"

Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, mtu mnene mwenye moyo mwepesi. Kila siku alivaa fulana ya chama tawala yenye uso wa Rais, na kwa kuwa uso huo ulikaa juu ya tumbo, Rais alionekana amenona kuliko kwenye picha za ofisini. Kengele alikuwa upinzani, wa kadi kabisa, si wa kunong'ona. Kwa hiyo ndani ya pikipiki ile kulikuwa na kampeni mwaka mzima.

"Mheshimiwa wako leo kakunjamana," Kengele alisema asubuhi moja. "Hujala?"

"Sijala. Na wewe usianze."

"Sianzi mimi, kaanza yeye. Kisima chetu kakifungua mara tatu. Utepe umekatwa mpaka mkasi umechoka, maji hayajatoka hata ya kunawa mikono."

"Maendeleo hayaji siku moja, shemeji."

"Haya yetu hata kama yanakuja kwa magoti yangekuwa yameshafika! Aliapa mihula miwili. Sasa wameipanua katiba kama suruali ya mtu aliyenenepa, na sisi tunaambiwa tushike mkanda."

"Punguza sauti. Maiki iko wazi!"

Maiki haikuwa wazi. Shemeji alimtania hivyo kila siku, na kila siku Kengele aliigeuza na kukitazama kitufe. Hapo ndipo alipojiona alivyo. Zamani asingetazama.

Maana nchi ilikuwa imebadilika, polepole, kama nguo inavyopauka. Ilipitishwa sheria ya usalama iliyoruhusu mtu kuchukuliwa na kuwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, ilimradi waseme anachunguzwa. Mikutano ya upinzani ikawa kila ikiombwa, uwanja una matengenezo. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, alikuwa na mwana mmoja tu. Kijana huyo alikwenda kwenye maandamano ya kupinga kodi mpya, ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa, na tangu hapo hakulala kwao. Kila Jumatano, siku ya kuonana na wafungwa, fundi cherehani alifunga cherehani, akabeba chakula, akasimama getini. Siku nyingine alipokelewa. Siku nyingine aliambiwa arudi wiki ijayo, akarudi na chakula chake kimepoa, akashona mpaka macho yakawa mekundu.

Ndipo ikaja karatasi kutoka ofisi ya wilaya. Kila tangazo la hadhara, ilisema, litaanza kwa jina la Mheshimiwa Rais kabla ya jina au jambo jingine lolote, na kufuatiwa na maneno yafuatayo ya shukrani. Maneno yenyewe yalikuwa marefu kama mkia wa tiara: uongozi uliotukuka, maono mapana, baba wa wote. Asiyetii atanyang'anywa kibali.

Kengele alikwenda nayo ofisini siku hiyo hiyo, hakuweza kulala na swali. Afisa habari wa wilaya alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa, tai imemkaba. Alimpokea kwa tabasamu.

"Karibu, mama. Kaa."

"Nashukuru, nitasimama. Nauliza: hata mbuzi aliyepotea?"

"Hata mbuzi."

"Na msiba?"

Afisa alikuna kidevu. Ilionekana hilo halikufikiriwa na yeyote. Lakini kurudi kwa wakubwa kuwauliza kungewaonyesha kwamba walisahau kitu, na nani angekwenda kuwaambia?

"Kila tangazo ni kila tangazo, mama. Rais ni wa wote, wazima na marehemu."

Kengele akatoka anacheka, lakini kicheko chenyewe kiliishia getini. Njia nzima alijibishana na nafsi yake. Akirudisha kibali, pikipiki itabeba nini? Shemeji ana watoto. Na mtaa utajuaje habari zake? Akisoma, ataonekana anampaka mafuta mtu ambaye hawezi hata kumtazama kwenye fulana. Alipofika nyumbani alifagia chumba ambacho alikuwa ameshakifagia.

Alisoma. Kwa minada na chanjo haikuwa taabu kubwa: pikipiki inatambaa, yeye anayakimbiza yale maneno ya shukrani kama mtu anayevuka barabara, na watu majumbani wanacheka. "Baba wa wote kapita!" walipiga kelele. "Haya tuambie sasa, viatu bei gani?"

Kisha akafa fundi saa.

Alikuwa mzee wa kibanda cha kona ya soko, mpole, kioo chake cha kukuzia kila siku kimebanwa jichoni, na hakuna mtu mtaani ambaye hakuwahi kumpelekea saa. Wanawe walifika kwa Kengele asubuhi na mapema. Maziko yalikuwa alasiri ileile. Kengele akavaa, akachukua maiki, akaichukua na karatasi ya wilaya. Ndani ya pikipiki alikuwa akisogeza miguu kama anayekanyaga siafu.

"Nitafanyaje, shemeji? Nitamtangulizaje mtu mwingine mbele ya maiti?"

"Soma haraka haraka kama siku zote. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa saa, atakuelewa."

"Basi usizime injini. Umenisikia? Leo tusisimame. Nitasema tukiwa tunakwenda."

"Nimekusikia."

Alisikia kweli. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Walipofika mtaa wa pili, pale barabara inapopanuka, mahali waliposimama kwa kila msiba miaka yote ile, shemeji alikanyaga breki na kuzima. Na Kengele, ambaye kichwa kizima kilikuwa kwenye karatasi, aliteremka akasimama wima. Wala hakukumbuka kwamba walikuwa wamekubaliana vingine.

Kimya kikatanda. Msumeno wa seremala ukanyanyuliwa. Muuza mkaa akavua kofia.

"Mheshimiwa Rais wa nchi yetu," alisema Kengele kwenye maiki.

Na hapo pumzi yake, iliyofundwa kwa miaka, ikasimama yenyewe. Baada ya jina, kimya. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Ni kimya kifupi tu, lakini ndani yake mlitokea mambo. Mwenye duka la simu alishusha mlango wa bati kwa kishindo, maana alijua askari wakianza kukimbiza watu, vioo vya duka ndivyo vya kwanza kuvunjwa. Ndoo ilianguka mahali. Mzee mmoja alisema "Ala!" kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeambiwa mlima umehama. Na kutoka barazani kwa fundi cherehani kikapanda kigelegele, kirefu, chembamba, cha mtu aliyekisahau kwa muda mrefu na sasa kimemponyoka.

Kengele aliona kwa macho yake mawili. Fundi cherehani amesimama, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, mkono umefunika nusu ya mdomo, na mdomo umekataa kufunikwa.

"...ambaye kwa uongozi wake uliotukuka!" Kengele akapayuka. "Na maono mapana! Baba wa wote!"

Kigelegele kikakatika kama uzi uliokatwa kwa meno.

"Kumbe yupo," mtu akasema nyuma ya ukuta. Kicheko kikalipuka upande huu, kikadakwa upande ule. Fundi saa, masikini, alitajwa watu wanajipangusa machozi ya kucheka, na ilibidi Kengele arudie jina lake mara nyingine ndipo mtaa ukakumbuka kuhuzunika.

Walimzika vizuri. Watu walikuja wengi. Lakini walipotoka makaburini, polisi walikuwa wameshaizunguka pikipiki, na mmoja yuko juu ya paa anafungua mipira ya spika.

"Taratibu, kijana," shemeji alimwambia, akilivuta tumbo mbele ili uso wa Rais uonekane. "Mimi ni mwenzenu."

"Mwenzetu kaa pembeni," askari akajibu.

Ofisini, afisa habari safari hii hakutabasamu. Pembeni yake alikaa askari mtu mzima mwenye kikohozi, kofia magotini. Spika zilikuwa sakafuni, zimelazwa kifudifudi.

"Umetangaza kifo cha Mkuu wa Nchi," alisema afisa.

"Nimesoma karatasi yako. Neno kwa neno."

"Ukasimamisha chombo. Ukazima injini. Ukanyamaza baada ya jina lake!"

"Nilikuuliza msiba tufanyeje, ukaniambia kila tangazo ni kila tangazo."

Afisa alitazama dirishani, kisha akapunguza sauti, kama anayempa mtoto peremende. "Mama, sisi hatuna shida na wewe. Kuna mtu alishangilia. Mwanamke. Tumeshapigiwa simu na wenye uchungu na nchi, ila kila mmoja anataja mtaa, hakuna anayetaja jina. Wewe ulikuwa umesimama katikati. Tupe jina, uchukue spika zako na kibali chako. Uje Jumatatu."

Kutoka pale mpaka Jumatatu Kengele hakukaa. Alikula amesimama. Alitembea mpaka sokoni bila haja ya kitu, akarudi, akaenda tena. Kila aliyepita alimwona kama anamtazama yeye. Usingizi ulikuja vipande vipande kama redio yenye betri mbovu.

Shemeji alimfuata uani. Fulana ilikuwa ileile.

"Mtaje tu."

"Nimtaje nani?"

"Usinifanye mjinga, shemeji. Mtaa mzima unamjua. Atahojiwa, ataonywa, atarudi."

"Mwanawe karudi?"

Shemeji akakuna shingo.

"Nakuuliza wewe mwanachama. Yule mtoto alishika boksi. Boksi! Karudi?"

"Mimi siwatetei," alisema kwa sauti ya chini. "Ila watoto wangu wanakula pikipiki hii. Nikibeba viazi nitapata nini? Viazi havina msimu wa uchaguzi."

Hilo lilimchoma kuliko ofisi nzima ya wilaya, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Jumapili jioni fundi cherehani alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri na kubeba kifurushi kidogo, kama msafiri.

"Dada, nimekuja kukuaga. Kesho nakwenda nawe. Nitawaambia ni mimi."

"Kaa kwanza."

"Wewe hukai, mimi nikae?" Akasimama mlangoni. "Nilipokusikia umezima, nikajua kuna mtu. Ukasema Rais. Dada, sikufikiri kitu kibaya, naapa. Nilifikiri mlango. Nilifikiri sasa mlango wa kule utafunguliwa, na mwanangu atatoka. Basi. Mdomo ukaniponyoka."

Kengele alizunguka chumba kizima. "Ukienda kesho, Jumatano nani atampelekea chakula?"

Fundi cherehani akahamishia kifurushi mkono wa pili.

"Eh? Nani? Mtoto atasimama kwenye nondo anasubiri mama, kumbe mama yuko chumba cha pili?"

"Kwani mimi nimekuomba ushujaa? Spika zako zitaozea pale kwa ajili ya mdomo wangu!"

"Zioze. Ni bati." Lakini sauti ilimtetemeka, na wote wawili waliisikia. "Nenda nyumbani, dada. Na kifurushi chako. Ukija kesho ofisini nitasema wewe ni kichaa na kila mtu anajua."

"Kichaa mwenyewe."

"Haya, usiku mwema."

Jumatatu aliingia ofisini mapema, kabla ya afisa kumaliza chai. Kiti alikikataa tena. Karatasi na kalamu vilikuwa vimeshawekwa.

"Jina," alisema afisa.

"Sina. Nilikuwa nasoma karatasi yenu. Ina maneno magumu, ukiinua macho unapotea."

"Sauti uliisikia."

"Niliisikia. Nikasikia na mlango wa bati, na ndoo, na mzee aliyesema ala. Vyote niviandike?"

Askari mwenye kikohozi akakohoa, na haikujulikana kama ni kikohozi. Afisa alivuta karatasi nyingine. "Basi tia saini hapa, kwamba ulifanya makusudi kwa kutumwa na chama chako. Ukisaini tunakuonya tu, unakwenda."

Kengele aliisoma yote, amesimama, mguu mmoja unagonga sakafu. Alikuwa anaogopa. Akili ilishafika gerezani ikawa inatafuta dirisha. Lakini kuna jambo alikuwa amelibeba tangu siku ile ya fundi saa, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na aliona asipolitoa leo litamziba.

"Baba," alimwambia afisa, ingawa angeweza kumzaa, "mnatafuta aliyepiga kigelegele. Kigelegele kilikuwa kimoja. Mtaa mzima ulisikia Rais amekufa. Watu wote wale. Mwenye duka akafunga duka. Mwingine akashangaa. Mimi nilikuwa katikati, umesema mwenyewe. Sikusikia hata mtu mmoja analia."

Afisa alikunja uso, akakunjua.

"Na shemeji yangu ana fulana yake. Yeye alijua anayezikwa ni nani, lakini wengine wenye fulana hizo walikuwepo tele. Nao kimya. Mtu mnayemwita baba wa wote! Baba akifa watu hawasimami wakitazamana kuona nani aanze kucheka. Hilo ndilo la kuandika, mpelekeeni alione. Mkimwambia ni mwanamke mmoja, mnamdanganya, na mmemdanganya vya kutosha. Mimi chama changu nakijua, kura yangu hataipata hata akifungua kisima mara ya nne. Lakini saini ya uongo sitii."

Kalamu ilibaki pale pale. Afisa aliangalia mlango kana kwamba maneno yale yangeweza kusikika nje na kumhesabu yeye kama mmoja wa waliosikiliza. Mwishowe alisema kwa haraka kwamba kibali kimefutwa, spika ni vielelezo, na Kengele atakuwa anaripoti kituoni kila wiki mpaka uchunguzi ukamilike. Hakusema lini utakamilika.

Nje shemeji alimsubiri. Aliona mikono mitupu, akaelewa, akawasha pikipiki. Walikwenda njia nzima bila kampeni. Kabla ya kushuka alisema, "Nimepata mtu wa viazi. Kuanzia kesho."

"Nisamehe, shemeji."

"Ah. Viazi navyo havijibu mtu."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Wilaya ilileta gari jipya la matangazo, lenye spika za kisasa na kijana wa sauti nyororo asiyejua mtaa unaishia wapi. Yeye hakuzima injini kwa mtu yeyote. Watu wakaanza kupitwa na misiba. Mmoja alijua jirani yake amezikwa alipokwenda kuazima nyundo kwake.

Asubuhi moja muuza maziwa aligonga kwa Kengele. Dada yake alikuwa amefariki alfajiri.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini unajua sina spika."

"Mdomo unao?"

Kengele akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Mwanzo wa mtaa alisimama wima, akajaza kifua, akalitaja jina la yule mwanamke, jina lake yeye mwenyewe kwanza, kisha akanyamaza. Sauti ilifika nyumba chache tu. Ilimlazimu asogee, asimame, aseme tena. Asogee, aseme tena. Koo liliwaka moto. Fundi cherehani alitoka barazani, akalidaka jina na kulirushia uchochoro wa nyuma kwa sauti yake kali. Seremala akampelekea mwenzake wa ng'ambo.

Karibu na soko alikuwepo yule askari mwenye kikohozi. Alimwacha amalize, kisha akamsogelea polepole, hana raha.

"Mama, hilo ni tangazo. Una kibali?"

"Cha kuongea?"

Askari alifikiri. Alitazama kushoto na kulia, akatoa simu. "Ngoja kidogo, niwaulize wakubwa."

Kengele hakungoja. Maziko yalikuwa alasiri, jua lilishapanda, na nyumba za kule bondeni zilikuwa bado hazijajua.